Kidevu cha Baba

Nianze na maji, kwa sababu watu wengi huanza na wembe na hapo ndipo wanapokosea. Ndevu kavu ni waya. Hata wembe wako uwe mkali namna gani, ndevu kavu zitaurudisha, nawe utalazimisha, na mkono unaolazimisha ndio unaokata. Maji yawe moto, si ya kuchemka, moto wa uji ambao mtoto anaweza kuulamba. Taulo iloweshwe humo, ikamuliwe, iwekwe usoni, halafu ungoje. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Mimi nilijua kungoja mpaka nikapita kiasi, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuandika, ingawa naona nimeanza na taulo.

Shule niliacha darasa la tatu, wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, shule yetu ilipofungwa na mama zetu wakapelekwa kuchimba handaki kuzunguka kijiji. Kwa hivyo mkiona sentensi imepinda, iacheni ipite kama ng'ombe wa jirani, atajua kwao.

Kwetu ni Gakindu, upande wa Mukurweini, kwenye kahawa. Baba yangu alichukuliwa kutoka huko nikiwa bado mdogo. Askari walimtoa nyumbani asubuhi, akiwa ameshika kikombe cha chai, na nakumbuka kikombe hicho kuliko ninavyomkumbuka yeye. Nakumbuka kofia yake. Nakumbuka koti lililokosa kifungo. Uso sikuukumbuka. Miaka yote aliyokaa kizuizini nilikuwa nikijaribu kuuchora kichwani, na kila mara ulitokea uso wa mjomba wangu, ndugu ya mama, ambaye simpendi hata leo na amekwisha kufa.

Aliporudi alikuja na ndevu mpaka kifuani. Mama alimzunguka pale uani kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, mara mbili, bila kumgusa, akasema, "Sasa huyu ni nani wamenirudishia?" Akacheka, halafu akalia. Toka siku ile ukawa mzaha wake: kwamba serikali ilimchukua mume mwenye kidevu, ikamrudisha kichaka.

Baba hakuzinyoa. Alizipunguza kwa mkasi wa mama wa kushonea, basi. Sababu aliniambia mara moja tu, tukichuma kahawa, bila kugeuka kunitazama. Alisema, "Kule walikuwa wanatunyoa kwa nguvu. Watu wanne wanakushika, mmoja ananyoa, bila maji, na wembe imeshapita kwa watu wengi. Mimi nilitingisha kichwa." Akagusa shingo, chini ya ndevu. "Tangu hiyo siku nilisema hakuna chuma itapita hapa tena." Akaendelea kuchuma. Nami nikaendelea. Kwetu mtu akikuambia jambo kama hilo humwulizi lingine.

Uhuru ukaja, tukacheza ngoma, tukarudi shambani. Mimi nilipokuwa kijana nilipata mashine ya mkono ya kunyolea nywele, ile ya kubanabana kama mkasi, na siku za soko nikawa naweka kiti kwenye baraza ya duka moja pale Gakindu. Mashine ile ilikuwa inakata nusu na kung'oa nusu. Watu walitoka kwangu macho yamejaa machozi, na wakarudi, kwa sababu kinyozi mwingine alikuwa mbali na alikuwa mlevi. Kipande cha wembe nilikitumia kwa pembeni tu, nyuma ya masikio. Ndevu sikuwa najua.

Sasa nifike kwa mama. Alikuwa amebatizwa baada ya ile Hali ya Hatari, yeye na baba, lakini walikuwa wameoana kwa desturi, kwa mbuzi na pombe ya muratina, na kanisa letu halikuwapa Meza ya Bwana watu wa namna hiyo mpaka wafunge ndoa mbele ya pastor. Kwetu jambo hili si geni. Utaona wazee wana wajukuu, na siku moja bibi amevaa gauni jeupe na babu suti ya kuazima, wanaingia kanisani polepole kwa sababu ya magoti, na watoto wao ndio wanaowasimamia. Watu hula wali na kucheka sana. Mama alikuwa akiahirisha kila mwaka, mara kahawa, mara karo. Kisha akashikwa na tumbo. Tukampeleka hospitali Nyeri, na daktari akaniita nje kwenye ujia akaniambia nimrudishe nyumbani, nimpe chakula anachokipenda. Sikumwambia mama maneno hayo. Yeye alinitazama tu nilipoingia, akaanza kufunga vitu vyake kwenye leso.

Wiki hiyo hiyo, jikoni, akichambua maharagwe kwenye ungo, akasema, "Mkono wako unanyoa watu wote wa Gakindu. Huyu mmoja wa hapa umemwachia nani?"

Baba alikuwa upande wa pili wa moto. Hakuinua kichwa.

"Huyu si mteja," nikasema.

"Mimi nataka harusi. Na siendi mbele ya pastor na kichaka. Watu watauliza kama nimeolewa na mtu ama na beberu."

"Beberu amekulisha miaka hii yote," baba akasema.

"Amenilisha, ndiyo. Lakini yule aliyekuja kwetu kuniomba alikuwa na kidevu. Nataka kumwona mara moja. Mara moja tu, halafu ufuge hata msitu."

Baba akasukuma kuni ndani ya moto. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba mama hakuwa na miaka ya kuahirisha tena. Mwisho akasema, "Mtu wa nje hawezi kushika shingo yangu. Kama ni mtu, ni huyu."

Hapo palikuwa na shida nyingine. Nilivyolelewa mimi, mtoto wa kiume hashiki kichwa cha baba yake. Anaweza kumwinamia asalimiwe, lakini yeye kumshika baba kidevu na kumgeuza huku na huku kama mtoto, hapana. Nikamwambia hivyo. Lakini mimi ni kifungua mimba, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba ya baba yake. Ndiyo maana baba siku zote aliniita "Baba", na mimi nikimwita mzee. Akaniambia, "Wewe umebeba jina la baba yangu. Na baba yangu ndiye alininyoa mara ya kwanza. Hakuna mwiko hapo."

Mama akapiga makofi mara moja kwa furaha, maharagwe yakamwagika.

"Lakini nisisikie damu," baba akasema. "Tone moja. Nikisikia tone moja ninasimama, na sitakaa kwa hiyo kiti tena mpaka mnizike."

Sasa mnaona. Nilikuwa na kiti kimoja, uso mmoja, nafasi moja. Na mkono wangu ulikuwa wa mashine inayong'oa.

Nikasikia habari za mzee mmoja kinyozi kule Kutus, ambaye alikuwa amewanyoa maofisa katika vita vya Wazungu ng'ambo. Nikateremka kwenda kwake. Kutus wakati huo ilikuwa barabara na maduka, vumbi, na joto ambalo sisi wa huku juu hatulijui. Nilimkuta barazani. Alikuwa na nyembe tatu za kukunja, zile ndefu zinazoingia kwenye mipini yake, amezitia ndani ya soksi ya jeshi.

"Umewahi kunyoa nini?" akaniuliza.

"Vichwa."

"Kichwa ni mfupa. Shingo iko hai. Nenda pale kwa yule mama uniletee nyanya."

Nilidhani ana njaa. Kumbe nyanya ndiyo ilikuwa shule. Unaipaka povu la sabuni, unaiweka kiganjani, unanyoa povu lote liishe bila kuichubua ngozi. Nyanya zilizoiva za Kutus zina ngozi nyembamba sana, ukikohoa zinapasuka. Siku ya kwanza nilipasua zote. Mama mwenye kuuza, aliyekuwa na meza yake karibu na baraza, alinipigia kelele kila jioni, "Kinyozi wa mlima! Leo umeua ngapi?"

"Nne."

"Maskini, na zilikuwa na watoto! Lete hapa nipeleke kwa hoteli."

Nilikaa kule karibu miezi mitatu na sijapenda mchuzi wa nyanya tangu wakati huo.

Yule mzee alikuwa mkali. Nikibonyeza wembe anasema, "Unachuna mbuzi ama unanyoa mtu?" Alinifundisha kuupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kila uso, mgongo wake ukitangulia na makali yakifuata nyuma, kwa sababu makali yakitangulia unakata mkanda na kuua wembe. Alinifundisha kuulaza, mgongo wa wembe uwe karibu kugusa shavu, upana wa kidole kidogo tu. Ukiusimamisha unakwangua, ukiulaza kabisa unateleza bure. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Mkono wako ni wa kuuzuia, si wa kuusukuma.

Halafu alinifundisha kufunga macho. "Kabla ya povu, shika ndevu na vidole. Ziulize zinaenda wapi." Kwenye shavu zinateremka. Kwenye kidevu zinakutana. Shingoni zinazunguka kama maji ya mto yakifika kwenye jiwe, na kila mtu ana jiwe lake. Unafuata zinakoenda. Wageni hupenda kunyoa kwa kurudi juu, wapate ulaini wa yai. Yule mzee alikataa. "Nywele yetu imejikunja," alisema. "Ukiikata fupi sana inageuka inaingia ndani ya ngozi, siku ya nne mtu ana vipele kama amelala kwa siafu. Usitafute ulaini wa Jumamosi. Tafuta wa Jumatano."

Haya ninayaandika kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyeniuliza tena. Vijana siku hizi wana mashine za umeme.

Mwisho wa miezi ile yule mzee alikaa yeye mwenyewe kwenye kiti, akainua shingo, nikamnyoa. Alijipangusa, akajitazama kwenye kioo chake kilichopasuka, akatoa wembe mmoja kwenye soksi akanipa. "Nenda nyumbani. Mkono umetosha."

"Bado, mzee."

"Umetosha. Kilichobaki si cha mkono." Nilidhani anataka tu niondoke kwa sababu ya nyanya.

Nilifika nyumbani kahawa ikiwa inaisha mashambani. Mama alikuwa amekonda, mikono imekuwa mirefu. Alikuwa ameshamtuma dada yangu akaulize pastor, na pastor alikuwa amesema Jumamosi yoyote. Asubuhi iliyofuata nikachemsha maji, baba akakaa uani na taulo mabegani, mama akaletewa kigoda mlangoni ili aone. Nikafunga macho, nikaziuliza ndevu. Zilinijibu vizuri mashavuni, zikanijibu kidevuni. Shingoni vidole vyangu vikakuta kovu la ule wembe wa kizuizini.

Sikuwa nimelishika kabla. Lilikuwa refu kama kidole cha kati, limekaa upande, ngozi yake nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, na ndevu zilizolizunguka ziliota kila upande, hazikuwa na njia. Nilizigawanya nikatazama. Ilikuwa kama kutazama chumbani kwa mtu.

Nikaondoa mikono. "Bado, mzee. Hapa sijui bado. Nitakukata."

Baba alisimama haraka. Nilidhani amefurahi kuponyoka. Sasa sijui. Mama pale mlangoni alisema tu, "Maji yatapoa," halafu akasaidiwa kurudi ndani.

Ndipo nikaenda Naro Moru. Mtanisamehe, lakini mtu akiwa na hofu huipa jina la kazi. Nilijiambia ninahitaji ngozi mbaya za kujifunzia, na ngozi mbaya ziko Naro Moru, kwa wale wanaume wanaowabebea wageni mizigo kupanda mlima. Wanashuka huko na ndevu za siku nyingi, midomo imepasuka, mashavu yameungua kwa upepo na jua la barafu. Nikaweka kiti kando ya barabara, nikanyoa.

Na kweli nilijifunza. Baridi ya kule si ya Gakindu. Ngozi ikisikia baridi inasimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa, na kila kipele ni kichwa kinachongoja kukatwa. Njia niliyokuwa nimeipata Kutus, kwenye joto, huku ilinishinda siku ya kwanza. Povu lilikuwa limeganda kabla sijafika kidevuni. Nikajifunza kuutia wembe wenyewe ndani ya maji moto kabla haujagusa uso, kupaka povu upande mmoja kwanza, na kurudisha taulo moto katikati ya kazi. Nikajifunza kuvuta ngozi ya kovu kwa vidole viwili vilivyokauka kwa shabu, lile jiwe la vinyozi la kukausha ngozi, kidogo tu, maana ukiivuta sana inapasuka bila hata kuguswa. Nilitafuta makovu. Mtu akikaa nilikuwa namwinua shingo kwanza. Mpagazi mmoja mzee akaniuliza, "Wewe unatafuta nini kwa shingo yangu, umepoteza sindano?" Alikuwa na kovu la moto toka sikio mpaka bega. Nilimnyoa bila tone. Nikamnyoa tena wiki ya pili bila tone. Wenzake wakaanza kuniletea watu kama maonyesho.

Mtu mwenye akili angeenda nyumbani hapo.

Nilienda, Jumapili moja, bila wembe. Mama alikuwa amelala, ametandikiwa karibu na dirisha. Akaniambia nikae kitandani, nami nikakaa. Alisema, "Sikiza. Acha. Nitaenda kanisani na hicho kichaka. Nimekizoea. Jumamosi hii watanibeba."

Niseme ukweli hapa, kwa sababu kama si hapa sitausema. Ningesema ndiyo, wangefunga ndoa Jumamosi ile. Angepata harusi na Meza ya Bwana, na kidevu kingebaki. Lakini nilikuwa na majivuno ya mtu aliyenyoa kovu la moto. Nilisema, "Hapana mama. Nipe mwezi mmoja. Utaona kidevu."

"Mwezi wako uko na siku ngapi?"

Nikacheka. Naye akacheka, akashika tumbo kwa sababu kucheka kulimwumiza. Baba alikuwa amesimama mlangoni na hakucheka. Aliniambia tulipotoka nje, "Baba, hata kesho ni sawa." Nikamwambia tusiharibu kazi kwa haraka. Nilikuwa na mfano wa nyanya wa kumwambia, nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

Mvua ya mwezi wa nne ilipoanza, utingo wa basi akanishukia pale Naro Moru na ujumbe wa dada yangu: njoo na vyombo. Nilifunga vyombo. Wembe, mkanda, brashi, shabu, taulo mbili mpya nilizoziweka kwa ajili ya siku hiyo. Barabara ilikuwa matope toka Nyeri kushuka, sehemu nyingine tulitembea. Nilifika alasiri. Baba alikuwa amekaa chini ya ukingo wa paa, kofia magotini, maji yakidondoka mbele ya viatu vyake.

"Baba," akaniambia, "umechelewa kidogo."

Mama alikuwa amekwenda asubuhi. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba tangu jana yake alikuwa akiuliza, "Kinyozi amefika wapi?" na wao wakimjibu, "Yuko njiani." Mara ya kwanza walimdanganya. Mara ya mwisho ilikuwa kweli, nilikuwa nimeshapanda basi.

Nilibaki nimesimama kwenye mvua na mfuko wangu. Ile "kidogo" ya baba imenikaa mwilini. Angenitukana ningekuwa nimeshapona.

Asubuhi ya mazishi mvua iliacha. Watu walikuwa wanaanza kuja na viti vya kanisa. Nilikuwa nyuma ya jiko nikipasua kuni pamoja na wajomba, baba akatokea amebeba kiti cha mbao mwenyewe. Akakiweka pale kwenye nyasi. Alikuwa amevaa suruali ya suti ya harusi, ile aliyokuwa ameazimiwa, na fulana.

"Baba, chemsha maji," akasema.

"Mzee, leo?"

"Leo ndiyo siku anatoka nyumbani. Aliniomba kitu kimoja."

Wajomba waliweka mashoka chini wakaondoka bila kuambiwa.

Nikachemsha maji. Nikapunguza moto wake mpaka ukawa wa uji. Nikapitisha wembe kwenye mkanda. Nikaweka taulo usoni mwa baba nikangoja, na nilipoiondoa alikuwa amefunga macho, na uso wake ulikuwa mwekundu chini ya weusi, kama wa mtoto aliyeogeshwa. Kwanza nikakata kwa mkasi. Nywele nyeupe zilianguka kwenye nyasi na kuku wakaja kuzitazama. Halafu povu. Halafu shavu la kulia, likateremka vizuri, wembe ukiimba ile sauti ndogo ya mafuta yanayoanza kukaanga. Shavu la kushoto. Juu ya mdomo. Kidevu, polepole, kikatoka. Sikuthubutu kukitazama, nilitazama makali tu.

Nikafika shingoni. Nilirudisha taulo. Nikautia wembe kwenye maji moto. Nikakausha vidole kwa shabu. Kila kitu cha Kutus na kila kitu cha Naro Moru nilikifanya. Nikalaza wembe, nikalizunguka kovu kama mtu anavyozunguka kaburi wakati wa kulima, juu, pembeni, chini. Na pale mwisho kabisa, penye ncha ya kovu, nikaona tone. Dogo kama mbegu ya mtama. Likateremka.

Nikainua wembe. Nikarudi nyuma hatua moja ili apate nafasi ya kusimama.

Hakusimama.

"Mbona umewacha?" akauliza, macho bado yamefungwa.

"Damu, mzee."

"Nimeisikia." Akameza mate, kovu likapanda na kushuka. "Endelea, Baba."

Sijui niliendeleaje. Wembe ulikuwa mkononi mwangu na macho yangu yalikuwa yamejaa, na kinyozi haruhusiwi vitu hivyo viwili kwa wakati mmoja. Kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kwamba angekaa. Asubuhi ile ya kahawa, na mama mlangoni kwenye kigoda, ningemkata hata mara tatu, angekaa.

Nilipomaliza nikamfuta. Dada mkubwa wa mama alikuwa akipita na sufuria, akamwona, akasimama. "Wũi," akasema, akaziba mdomo. "Ndiye huyu. Ndiye huyu alikuja kwetu." Nami ndipo nikatazama. Kidevu kilikuwa kidogo, kimegawanyika katikati, na kilikuwa kimepauka kama kitu kilichowekwa sandukuni. Mtu mzee juu, na chini kijana. Nilikuwa nimeutafuta uso ule utoto wangu wote nikipata wa mjomba.

Baba alivaa shati na koti. Akaingia ndani jeneza lilipokuwa. Sisi hatukuzoea kushika maiti, na yeye hakumshika. Alivua kofia akainama, akakaa ameinama hivyo muda mrefu, uso juu ya uso, kama mtu anayetazama kisimani. Pastor akangoja. Watu wote wakangoja. Walijua kwa nini wanangoja.

Baada ya mazishi, kama ilivyo desturi yetu ya msiba, niliwanyoa ndugu zangu vichwa, mmoja mmoja, pale pale nyuma ya jiko. Mashine haikung'oa hata unywele mmoja. Nilikuwa nimekuwa fundi.

Baba hakufuga ndevu tena. Kila Jumamosi, miaka mingi, alileta kiti mwenyewe. Siku moja, nikiwa nimempaka povu ili asiweze kunijibu kwa urefu, nikamwuliza kwa nini alisema vile, habari ya tone moja. Alingoja mpaka nikaosha wembe.

"Nilikuwa ninaogopa," akasema. "Nikatafuta neno la kunipa muda. Sikujua wewe pia unaogopa. Tukaogopa pamoja, yeye akitungoja."

Hatukuzungumza habari hiyo tena. Niliendelea kumnyoa mpaka mwaka alipokufa, na mashavu yake yalikuwa laini Jumamosi na laini Jumatano, hakuna kipele, watu wa kanisa walikuwa wakimtania kwamba ameoa tena. Pale penye ncha ya kovu tu sikujifunza. Nilijaribu njia zote. Kila Jumamosi lilitoka tone moja, nami nilisimamisha wembe, naye alikaa.